Naftali Temu: Mkimbiaji wa Gusii Aliyeiletea Kenya Dhahabu ya Kwanza

Utangulizi

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyosema wahenga. Methali hii inabeba ahadi mbili. Ya kwanza ni kwamba mchezaji atacheza kwa ajili ya watu wake. Ya pili ni kwamba watu hao hawatamwacha aondoke uwanjani mikono mitupu. Makala haya yanaichunguza ahadi hiyo kupitia maisha ya mkimbiaji wa masafa marefu Naftali Temu, aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1945 na kufariki tarehe 10 Machi 2003. Yeye ndiye Mkenya wa kwanza kuvishwa nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki. Aliipata jijini Mexico tarehe 13 Oktoba 1968, miaka minne na miezi kumi tu baada ya Kenya kujitawala.

Jina la Temu si geni kwa wapenzi wa riadha. Hata hivyo, inapotajwa Olimpiki ya Mexico, wengi wetu huanza na kumalizia kwa Kipchoge Keino. Keino anastahili sifa hizo zote, na si nia ya makala haya kumpunguzia hata chembe. Nia yetu ni kuonyesha kwamba siku saba kabla ya Keino kushinda mbio zake za mita 1,500, kijana mwanajeshi kutoka Gusii alikuwa tayari amelifungua lango. Swali linalotushughulisha ni hili: kwa nini aliyefungua lango husahaulika mapema kuliko waliolipitia?

Vilima vya Gusii na Waliomtangulia

Msafiri anayepita Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, hakosi kuona jinsi ardhi ya Gusii ilivyokunjamana. Kilima hupokezana na kilima, bonde na bonde, na kati yake yamo mashamba ya majani chai, migomba na mahindi. Tambarare ni haba. Anayetoka nyumbani kwenda mtoni hushuka, naye anaporudi hupanda. Mtoto anayekwenda shuleni kwa miguu huanza mazoezi ya mapafu na misuli kabla hajajua kwamba jambo hilo linaitwa mazoezi. Nyanda za juu za Nyamira hupita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na jambo hili, kama tutakavyoona, lilikuja kuwa na uzito mkubwa katika maisha ya Temu.

Mazingira peke yake, hata hivyo, hayamfanyi mtu kuwa bingwa. Mlima umekuwepo tangu zamani. Kilichokuja baadaye ni uwanja uliopimwa, saa na mashindano yenye kanuni. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, enzi za ukoloni, na shule, polisi, magereza na jeshi vikawa ndivyo vitalu vya wakimbiaji. Gusii iliitikia mapema. Mwaka 1954 Nyantika Maiyoro alipelekwa Uingereza, akakimbia katika uwanja wa White City jijini London, kisha akamaliza wa nne katika mbio za maili 3 kwenye Michezo ya Dola ya Uingereza na Jumuiya ya Madola iliyofanyika Vancouver. Katika Olimpiki ya Melbourne ya mwaka 1956 Maiyoro huyo huyo alishika nafasi ya 7 katika mita 5,000, na katika ile ya Roma ya mwaka 1960 akapanda hadi nafasi ya 6. Naye Arere Anentia, Omogusii mwingine, alipata nishani ya shaba katika maili 6 mjini Cardiff mwaka 1958.

Tunawataja wazee hawa kwa sababu wasifu wa mtu mmoja aghalabu ni wasifu wa wengi. Temu alikuwa mtoto wa miaka tisa Maiyoro aliposafiri kwenda London. Alipofika umri wa kujipima nguvu, wazo kwamba mtu wa Gusii angeweza kuvuka bahari kwa sababu ya miguu yake halikuwa tena ndoto. Lilikuwa habari iliyokwisha kutokea.

Kutoka Tokyo hadi Kingston

Temu alizaliwa Sotik, kwenye mpaka wa Abagusii na Wakipsigis, jamii mbili ambazo zimeipa Kenya wakimbiaji wengi. Alijiunga na jeshi, na humo jeshini kipaji chake kikapata malezi. Askari wa wakati huo alikuwa na mambo mawili ambayo mkulima mdogo hakuwa nayo: mshahara wa kila mwezi na ruhusa ya kufanya mazoezi. Pasipo mambo hayo, wengi wenye mbio kali waliishia kuwa hadithi za vijijini mwao tu.

Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 19, aliteuliwa katika kikosi kilichokwenda Tokyo. Hiyo ilikuwa Olimpiki ya kwanza ya Kenya huru. Temu alishiriki marathoni na kumaliza wa 49, mbali sana na Abebe Bikila wa Ethiopia aliyeshinda. Nishani pekee ya Kenya katika michezo hiyo, na ya kwanza katika historia yake ya Olimpiki, ilikuwa ya shaba. Aliipata Wilson Kiprugut katika mita 800. Kwa kijana wa miaka 19, nafasi ya 49 ingeweza kuwa sababu ya kuikata tamaa. Kwa Temu ilikuwa karo ya shule. Aliyaona kwa macho yake mwenyewe yale ambayo dunia ilikuwa ikiyafanya, akarudi nyumbani kujipanga upya.

Matokeo ya kujipanga huko yalionekana mwaka 1966 mjini Kingston, Jamaika, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mbio zilikuwa za maili 6, na aliyetarajiwa kushinda ni Ron Clarke wa Australia. Ni muhimu kumweleza Clarke kidogo ili ukubwa wa tukio lenyewe ueleweke. Mwaka 1965 alikuwa mwanadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 28, alipoweka rekodi ya dunia ya dakika 27 na sekunde 39.4. Rekodi za masafa marefu za wakati huo zilikuwa kama mali yake binafsi. Katika joto la Kingston, Temu alimwacha Clarke kwa zaidi ya sekunde 20. Katika mbio za uwanjani, pengo la namna hiyo si la bahati wala la hila. Ni pengo ambalo mtazamaji huliona kwa macho bila kuhitaji saa.

Michezo hiyo ya Kingston ndiyo iliyomjengea Keino jina pia, kwani alishinda maili 1 na maili 3. Kwa hiyo tangu mwaka 1966 Kenya ilikuwa na mafahali wawili wa masafa, mmoja Mnandi na mwingine Omogusii, nao wakalisha pamoja bila kuumiza nyasi.

Mizunguko Ishirini na Mitano

Michezo ya Mexico ilikaribia kutofanyika kama ilivyopangwa. Mapema mwaka 1968 mataifa mengi ya Afrika, Kenya ikiwemo, yalitishia kuisusia kwa sababu Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imealikwa. Mwaliko huo ulipofutwa ndipo safari ikawezekana. Kisha, siku kumi kabla ya ufunguzi, askari wa Mexico waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana katika uwanja wa Tlatelolco, na damu ya vijana wengi ikamwagika. Sisi tulio wanafunzi wa chuo kikuu hatuna budi kulikumbuka hilo tunapoisimulia michezo hii. Furaha ya Kenya ilizaliwa katika jiji lililokuwa kwenye msiba.

Fainali ya mita 10,000 ilikimbiwa Jumapili tarehe 13 Oktoba, siku moja tu baada ya sherehe za ufunguzi. Hapakuwa na mchujo. Wote waliojiandikisha walisimama kwenye mstari mmoja. Jiji la Mexico liko takriban mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na pwani. Mwili wa aliyezoea tambarare huanza kudai hewa ambayo haipo. Mwili wa aliyekulia nyanda za juu una chembe nyingi zaidi nyekundu za damu za kuibeba hewa hiyo chache. Clarke aliijua hatari hiyo. Keino na Temu waliijua hewa hiyo kama ya kwao.

Mbio zilianza polepole, kila mmoja akimwogopa mwenzake na wote wakiuogopa mwinuko. Kadiri mizunguko ilivyopungua, ndivyo waliochoka walivyodondoka nyuma mmoja baada ya mwingine. Keino, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu makali ya kibofu cha nyongo, alishindwa kuvumilia akaanguka kandokando ya njia ya kukimbilia ilhali mwisho ulikuwa umekaribia. Clarke naye alizidi kuachwa. Mbele wakabaki Waafrika watatu: Mohammed Gammoudi wa Tunisia, aliyekuwa ameshinda fedha katika mbio hizo hizo jijini Tokyo, Mamo Wolde wa Ethiopia, mwanajeshi mwenye uzoefu wa miaka mingi, na Temu.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, Wolde alichomoka. Alikuwa na kasi, na kwa muda ilionekana kana kwamba dhahabu ingekwenda Addis Ababa kama ilivyokuwa desturi ya marathoni za wakati huo. Temu hakuchanganyikiwa. Alimfuata hatua kwa hatua, akaikabili kona ya mwisho akiwa nyuma yake, na katika ule mstari ulionyooka wa kumalizia akampita. Alikata utepe kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa sekunde 0.6 nyuma yake, na Gammoudi akawa wa tatu.

Tarakimu hizi zinastahili kutafakariwa. Muda wa mshindi ulikuwa mrefu kuliko rekodi ya dunia ya Clarke kwa dakika 1 na sekunde 48. Clarke mwenyewe alimaliza wa 6, akaanguka na kupoteza fahamu, ikabidi apewe oksijeni. Sekunde 0.6 baada ya kilomita 10 ni sawa na hatua mbili tatu tu. Baada ya mizunguko 25, historia ya michezo ya taifa zima iliamuliwa na hatua hizo.

Kulikuwa na waliodai, na wapo wanaodai hata leo, kwamba ushindi huo ulikuwa zawadi ya mwinuko. Hoja hii ina ukweli nusu, na ukweli nusu hupotosha zaidi ya uongo. Ni kweli kwamba mwinuko uliwaadhibu watu wa tambarare. Lakini Kingston ni mji wa bandari, uliopo kwenye usawa wa bahari, na huko nako Temu alikuwa amemshinda Clarke waziwazi miaka miwili kabla. Isitoshe, Wolde aliyeshindwa kwa sekunde 0.6 alikuwa mtu wa nyanda za juu za Ethiopia. Kama mwinuko ulikuwa zawadi, basi waligawiwa wote wawili, na bado mmoja wao alimshinda mwenzake.

Siku Saba Zilizofuata

Bingwa wa kawaida angepumzika. Temu aliingia katika mchujo wa mita 5,000, akafuzu, na tarehe 17 Oktoba akasimama tena kwenye fainali. Safari hii Gammoudi alilipiza kisasi na kutwaa dhahabu, Keino akapata fedha, naye Temu akapata shaba. Tofauti kati ya wa kwanza na wa tatu haikufika sekunde 2. Kwa hiyo nishani zote sita za mita 10,000 na mita 5,000 zilikwenda kwa Waafrika, jambo ambalo miaka kumi kabla lingechekwa kama porojo.

Tarehe 20 Oktoba, wakati Keino alikuwa akiwashangaza walimwengu katika mita 1,500, Temu alikuwa barabarani katika marathoni. Kwa kipindi kirefu alikuwa miongoni mwa waliokuwa mbele, kisha nguvu zikamwishia, akamaliza wa 19. Mshindi alikuwa Wolde. Tukijumlisha mchujo na fainali zote, Temu alikimbia zaidi ya kilomita 60 za mashindano ndani ya siku nane. Si rahisi kumpata kocha wa leo atakayemruhusu mwanariadha wake kufanya hivyo.

Kikosi kizima cha Kenya kilirudi na nishani 9: dhahabu 3 za Temu, Amos Biwott na Keino, fedha 4 na shaba 2. Miongoni mwa waliopata fedha katika mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne walikuwemo Wagusii wawili, Charles Asati na Munyoro Nyamau. Miaka minne baadaye, mjini Munich, wawili hao wakiungana na Robert Ouko, naye pia Omogusii, na Julius Sang, waliigeuza fedha hiyo kuwa dhahabu.

Hatuwezi kuiacha Mexico bila kuwataja wanawake. Kikosi hicho ndicho cha kwanza cha Kenya cha Olimpiki kuwa na wanariadha wa kike: Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Hata hivyo kanuni za wakati huo hazikumruhusu mwanamke kukimbia zaidi ya mita 800 uwanjani, kwa dhana kwamba mwili wake usingehimili. Dhana hiyo ilikuwa imekwisha kukanushwa kwenye theluji. Mwezi Februari mwaka huo huo, katika Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Grenoble, Ufaransa, wanawake walishindana kilomita 10 za mbio za nyika kwa skii, na Toini Gustafsson wa Uswidi akashinda. Mwanamke wa Ulaya Kaskazini angeweza kupanda na kushuka vilima vya theluji kwa kilomita 10, lakini mwanamke wa Nyamira aliyepanda na kushuka vilima vya kwao kila siku akiwa na mtungi kichwani hakuwa na mbio za namna hiyo za kushindania. Mita 10,000 za wanawake ziliingizwa katika Olimpiki mwaka 1988 tu, miaka 20 baada ya ushindi wa Temu.

Riadha Kabla Haijawa Kazi

Msomaji wa leo, aliyezoea kusikia habari za wakimbiaji wanaojenga majumba ya kupangisha mjini Eldoret, huenda akadhani kwamba dhahabu ya mwaka 1968 ilimtajirisha mwenyewe. Haikuwa hivyo. Olimpiki ya wakati huo iliongozwa na kanuni ya uridhaa, ambayo Avery Brundage, rais wa kamati ya kimataifa ya Olimpiki tangu 1952 hadi 1972, aliilinda kama amri ya dini. Mwanariadha aliyepokea fedha kwa ajili ya mbio zake alipigwa marufuku. Kanuni hiyo ilisifiwa kuwa ni ya kuulinda usafi wa michezo, ila ilimfaa zaidi mtu ambaye tayari alikuwa na mali. Mwana wa mkulima alitakiwa kutoa jasho lake bure, huku viingilio vya uwanjani vikikusanywa na wengine.

Kwa Temu, basi, riadha haikuwa kazi. Kazi ilikuwa jeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliibuka mpango wa mbio za kulipwa nchini Marekani, na Keino na Ben Jipcho wakawa miongoni mwa waliojiunga nao. Wakati huo nyota ya Temu ilikuwa imeanza kufifia. Kanuni za kimataifa zilianza kulegezwa mwaka 1982, na zawadi za fedha taslimu katika mashindano ya dunia ya riadha zikaanza kutolewa mwaka 1997. Temu alikuwa amezaliwa mapema mno. Alipanda mti ambao matunda yake yalichumwa na wengine, tena akiwa angali hai na akiwatazama wakichuma.

Haifai kusema kwamba hakupewa chochote. Rais Jomo Kenyatta alimtunuku shamba la hekta 22, na katika Gusii, ambako ardhi hugawanywa kwa wana hadi ikabaki vipande, hekta 22 si jambo dogo. Papo hapo ni vyema tujiulize maana ya tuzo ya namna hiyo. Shamba ni zawadi ya mtawala kwa raia. Hutolewa kwa hisani na hupokewa kwa shukrani. Malipo ni haki. Hutolewa kwa mujibu wa kazi iliyofanywa. Temu alipata hisani. Waliomfuata, kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya njia aliyoichonga, ndio waliopata haki.

Machweo

Temu alirudi katika Olimpiki kwa mara ya tatu mwaka 1972 mjini Munich, akiwa na miaka 27. Alitolewa katika mchujo wa mita 10,000. Mbio hizo zilishindwa na Lasse Viren wa Ufini, na enzi nyingine ikaanza. Temu aliiacha riadha akaishi shambani kwake, mbali na kamera na vipaza sauti. Vizazi viwili vya wakimbiaji wa Kenya vilivyomfuata vilipokonywa Olimpiki na siasa, kwani Kenya iliisusia michezo ya mwaka 1976 na ile ya 1980. Pengo hilo, kwa maoni yetu, lilichangia kumfanya Temu asahaulike: mnyororo wa kumbukumbu ulikatika, na ulipoungwa upya majina yaliyotajwa yalikuwa mapya.

Mwishoni mwa maisha yake aliugua saratani ya tezi dume. Alifariki jijini Nairobi tarehe 10 Machi 2003, siku 41 kabla ya kutimiza miaka 58. Mpinzani wake Mamo Wolde alikuwa amefariki tarehe 26 Mei 2002, miezi michache tu baada ya kutoka gerezani Addis Ababa alikokaa karibu miaka kumi. Wanaume wawili waliotenganishwa na sekunde 0.6 jijini Mexico walitenganishwa na miezi isiyofika kumi katika safari ya mwisho.

Temu katika Kumbukumbu na katika Lugha

Kwa nini basi amesahaulika? Tumekwisha kugusia sababu mbili, yaani kung'ara kwa Keino na kususiwa kwa Olimpiki. Ya tatu inatuhusu sisi wana-Kiswahili moja kwa moja. Shujaa hadumu kwa sababu ya tendo lake. Hudumu kwa sababu ya masimulizi yanayolihifadhi tendo hilo. Fumo Liyongo anaishi hadi leo kwa sababu washairi hawakumwacha afe. Jamii za Waswahili zilikuwa na utendi. Jamii ya Abagusii ilikuwa na nyimbo za sifa na simulizi za jioni. Temu alishinda wakati ambapo vyombo hivyo vya kale vilikuwa vinaachwa, na vipya, yaani vitabu vya wasifu kwa lugha ya taifa, vilikuwa bado havijashika mahali pake.

Kilichokuwepo ni redio. Saa za Mexico ziko nyuma ya zetu kwa saa 9, kwa hiyo mchana wa huko ni usiku wa kwetu, na waliolala usiku ule wa Oktoba waliamka wakiwa raia wa nchi yenye dhahabu. Habari hiyo ilienezwa kwa Kiswahili, na hapa iko hoja ambayo wanaisimu hawana budi kuizingatia. Istilahi tunazozitumia bila kufikiri, kama vile riadha, masafa marefu, mbio za nyika, kupokezana vijiti, mzunguko wa mwisho na nishani, zilipata mashiko masikioni mwa wananchi wa kawaida kwa sababu kulikuwa na jambo la kusimuliwa. Lugha haikui kwa kamusi peke yake. Hukua inapokuwa na habari njema ya kutangaza. Ushindi wa akina Temu uliipa Kiswahili cha michezo nchini Kenya kazi ya kufanya.

Wito wetu kwa wanafunzi wenzetu ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutekeleza. Wapo wazee wa Nyaramba, Nyamira na Kisii wanaoikumbuka mwaka 1968. Idadi yao inapungua kila mwaka. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayetafuta mada ya utafiti asiende mbali. Akachukue kinasasauti, akae nao, na akusanye masimulizi hayo katika Ekegusii na Kiswahili kabla hayajazikwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba maisha ya Naftali Temu yalijengwa na mambo matatu: vilima vilivyompa mapafu, waliomtangulia waliompa mfano, na jeshi lililompa nafasi. Tumeona pia kwamba alishinda Mexico si kwa fadhila ya hewa bali kwa uwezo ambao Kingston ilikuwa imekwisha kuuthibitisha. Tumeona, hatimaye, kwamba alitunzwa kwa ardhi lakini hakutunzwa vya kutosha kwa maneno.

Kuna jambo moja la kumalizia. Tangu siku ile ya mwaka 1968 hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hakuna mwanamume mwingine wa Kenya aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mita 10,000. Wamepita mabingwa wa dunia na washika rekodi wasiohesabika, na dhahabu hiyo imewaponyoka wote. Mkenya wa pili kuipata ni mwanamke, Beatrice Chebet, wakati huo akiwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika, aliyeshinda jijini Paris tarehe 9 Agosti 2024. Miaka 56 ilikuwa imepita. Katika mbio ambazo mwaka 1968 wanawake hawakuruhusiwa hata kusimama kwenye mstari wa kuanzia, mwanamke ndiye aliyekipokea kijiti cha Temu.